Usukani Kabla ya Fremu: Kuchagua na Kubadili Usukani katika Baiskeli ya Kuagiza

Baiskeli ya kuagiza, yaani ile ambayo fremu yake hukatwa na kuunganishwa kwa vipimo vya mtu mmoja, humgusa mwendeshaji mahali patatu tu: kwenye pedeli, kwenye kiti na kwenye usukani. Mahali pa pedeli na kiti huamuliwa kwa sehemu kubwa na urefu wa miguu, na hapahami sana matumizi yanapobadilika, ilhali mahali pa mikono panaweza kusogea sentimita 20 au zaidi kwenda mbele, nyuma, juu au chini, na kila msogeo hubadili mwinamo wa mgongo, mgawanyo wa uzito kati ya magurudumu mawili na namna baiskeli inavyoitikia inapokatishwa kona. Hata hivyo, katika maagizo mengi usukani hujadiliwa mwisho, baada ya aina ya chuma, rangi na magurudumu, kana kwamba ni kifaa cha kuvika na kuvua. Uchambuzi huu unatetea mpangilio uliopinduliwa: usukani uamuliwe kwanza na fremu ijengwe kuufuata, na atakayeubadili baadaye ahesabu tangu mwanzo kila kitu ambacho badiliko hilo litakigusa.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi. Usukani ni bomba linaloshikwa na mikono. Shingo ni kipande kifupi kinachoubana usukani katikati na kuushikamanisha na foki. Foki ndiyo inayobeba gurudumu la mbele, na shina lake huzunguka ndani ya bomba la kichwa, ambalo ni bomba fupi la mbele la fremu. Umbali kutoka kwenye kiti hadi mikononi hujengwa na vipimo vitatu vinavyojumlishwa: urefu wa bomba la juu la fremu, urefu wa shingo, na kiasi ambacho usukani wenyewe unakwenda mbele au kurudi nyuma baada ya kutoka kwenye shingo. Kipimo cha kwanza hakibadiliki fremu ikishaunganishwa. Cha pili kina mipaka, kwa kuwa shingo zinazouzwa kwa kawaida huanzia milimita 35 na kukoma karibu na milimita 130. Cha tatu ndicho chenye tofauti kubwa kuliko vyote, kwani usukani wa resi, ule uliopindwa kwenda mbele kisha chini, huipeleka mikono iliyoshika vichwa vya breki sentimita 8 hadi 10 au zaidi mbele ya shingo. Usukani mnyoofu huiacha mikono karibu sambamba na shingo. Na usukani uliorudi nyuma huirudisha zaidi ya sentimita 10 kuelekea kwa mwendeshaji. Kati ya mtindo wa kwanza na wa mwisho kuna tofauti ya takriban sentimita 20 juu ya fremu ileile, na hakuna shingo inayoweza kuifidia yote. Hesabu hiyo ndogo ndiyo msingi wa mengi yatakayofuata.

Usukani uliorudi nyuma ndio ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wanaujua zaidi, hata kama hawajawahi kuupa jina. Huko Uingereza uliitwa North Road, jina linalotokana na chama cha waendesha baiskeli cha London kilichoanzishwa mwaka 1885, ambao ndio mwaka John Kemp Starley wa Coventry alipotoa baiskeli ya Rover yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Umbo hilo lilienea duniani kote pamoja na baiskeli ya Kiingereza ya barabarani, na ndilo lililo kwenye baiskeli nyeusi za mizigo ambazo Kenya zinaitwa Black Mamba, na kwenye zile za Phoenix kutoka China na Hero kutoka India. Mwendeshaji hukaa wima, huona mbali, na viganja vyake hutazamana kama vya mtu anayesukuma toroli. Kwa safari fupi na mzigo mzito juu ya keria ya nyuma, umbo hili lina akili nyingi kuliko sifa linazopewa.

Baiskeli hizohizo zinatoa mfano ulio wazi kuliko wowote wa jinsi usukani unavyoweza kufungamana na mashine nzima. Nyingi hutumia breki za vyuma, ambazo hazina waya: mikono ya breki imeegemezwa chini ya usukani wenyewe kwa vishikio vilivyofungwa juu yake; kutoka hapo fimbo nyembamba hushuka hadi kwenye kipande chenye umbo la kikuku cha farasi, na kipande hicho huvuta raba mbili kwenda juu hadi zibane uso wa ndani wa rimu. Usukani hapo ni sehemu ya breki. Anayetaka kuweka usukani mnyoofu kwenye baiskeli ya namna hiyo hana budi kuweka breki za waya, lakini breki nyingi za waya hubana ubavu wa rimu, na rimu za breki za vyuma zina ubavu uliopinda usiofaa kubanwa. Zaidi ya hayo, nafasi kati ya foki na tairi ni kubwa kiasi kwamba mikono ya breki nyingi za kisasa haifiki kwenye rimu. Badiliko lililoanza kama tamaa ya bomba moja huishia kudai rimu mpya, spoki mpya na pengine hata foki. Fundi mwenye uzoefu humweleza mteja hayo kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Usukani wa resi ulikua katika mazingira mengine. Mwisho wa karne ya 19 waendeshaji wa viwanja vya mbio walikuwa tayari wanatafuta namna ya kujinyoosha mbele. Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal mwaka 1899, alitumia shingo ndefu inayoweza kusogezwa, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Faida kubwa ya usukani huu kwa mtu wa kawaida, hata hivyo, haitokani na kuinama sana bali na wingi wa mahali pa kushika: juu karibu na shingo, kwenye kona, juu ya vichwa vya breki, na chini kwenye pindo. Anayekaa barabarani siku nzima huhamisha mikono kabla haijachoka, na mgongo nao hubadilika kila mikono inapohama.

Mafundi wa Ufaransa wa katikati ya karne ya 20 ndio waliolielewa jambo hili kwa ukamilifu. René Herse na Alex Singer, ambaye alifungua karakana yake Levallois-Perret karibu na Paris mwaka 1938, walijenga baiskeli za safari ndefu ambamo fremu, keria, taa, vikinga-tope na shingo vilibuniwa pamoja, na Herse alitengeneza hata shingo zake mwenyewe. Mikoba yao ilikaa mbele, juu ya keria ndogo iliyo juu ya gurudumu, katikati ya pindo mbili za usukani. Kwa hiyo upana wa usukani ndio ulioamua upana wa mkoba, urefu wa bomba la kichwa ndio ulioamua kama mkoba ungeenea chini ya usukani bila kugusa tairi, na uzito wa mkoba ndio ulioamua jinsi foki ilivyopindwa. Kila kipimo kilikuwa na sababu iliyokaa kwenye kipimo kingine. Baiskeli za namna hiyo zilikusudiwa safari kama Paris–Brest–Paris, iliyoanza mwaka 1891 na yenye urefu wa kilomita 1,200, na anayezichunguza leo haoni kifaa hata kimoja kilichobandikwa baadaye.

Upande wa kasi, historia imetoa ushahidi wa kushangaza kuhusu thamani ya mahali pa mikono. Katika mashindano ya Tour de France ya mwaka 1989, Greg LeMond aliingia siku ya mwisho akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, na mbele yao zilibaki kilomita 24.5 za kukimbia mmojammoja kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alitumia viegemeo vya viwiko vilivyotoka kwa wanamichezo wa triathloni, vinavyokusanya mikono mbele ya kifua na kupunguza eneo linalopigwa na upepo, ilhali Fignon alitumia usukani wa kawaida wa pembe. LeMond alishinda mashindano yote kwa sekunde 8.

Mfano wenye uzito zaidi kwa anayeagiza baiskeli ni wa Mskoti Graeme Obree, kwa sababu yeye alianza na mkao kisha akaitafutia fremu. Alikunja mikono chini ya kifua kama mtu anayeteleza kwenye theluji, na kwa kuwa hakuna fremu ya kawaida iliyouruhusu mkao huo, alijijengea mwenyewe baiskeli aliyoiita Old Faithful, yenye usukani mfupi mnyoofu na fremu isiyo na bomba la juu ili magoti yapate nafasi. Tarehe 17 Julai 1993, huko Hamar, Norway, alikwenda kilomita 51.596 kwa saa moja na kuvunja rekodi ya Francesco Moser ya mwaka 1984. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, lilipiga marufuku mkao wake mwaka 1994. Obree akaja na mwingine, mikono ikiwa imenyooshwa mbele kabisa, na Chris Boardman aliutumia mkao huo mwaka 1996 kufikia kilomita 56.375. Mwaka 2000, chini ya kanuni zilizodai baiskeli ya mtindo wa zama za Eddy Merckx, Boardman huyohuyo alifika kilomita 49.441. Tofauti ya karibu kilomita 7 haikuletwa na usukani peke yake, kwani magurudumu, kofia na fremu navyo vilikuwa tofauti, lakini mkao ulikuwa na fungu kubwa ndani yake.

Funzo la Obree si kwamba kila mtu aige mkao wake. Mwendo wa kwenda kazini au sokoni ni wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, na huko upepo bado hauna nguvu ya kuamua kila kitu kama unavyofanya kwenye kilomita 50. Anayelipa gharama ya kuinama sana kwa kasi asiyoifikia ananunua maumivu ya shingo bila kupata chochote.

Usukani mnyoofu wa baiskeli za milimani una asili yake katika kaunti ya Marin, California, ambako katika miaka ya 1970 vijana kina Gary Fisher, Charlie Kelly na Joe Breeze walishuka miteremko ya vumbi ya eneo la mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi manene. Walihitaji usukani mpana na imara, na walichukua mawazo mengi kwa pikipiki. Katika miaka ya 1990 usukani huo ulikuwa umefupishwa hadi takriban milimita 580, na shingo yake ilikuwa ndefu, mara nyingi milimita 120 au zaidi. Leo usukani wa milimani hufikia milimita 740 hadi 800 na shingo imekuwa fupi, ya milimita 35 hadi 50. Badiliko hilo liliwezekana kwa sababu wasanifu walirefusha bomba la juu na kulaza zaidi bomba la kichwa. Mtu anayechukua usukani wa milimita 800 na shingo fupi akavifunga kwenye fremu ya mwaka 1992 hapati baiskeli ya kisasa. Anapata baiskeli ambayo mwili umebanwa karibu na kiti na gurudumu la mbele linayumba mlimani.

Baadhi ya wabunifu waliona mapema kwamba unyoofu wenyewe una kasoro. Grant Petersen, akiwa na tawi la Marekani la kampuni ya Bridgestone, aliweka kwenye baiskeli ya XO-1 mwanzoni mwa miaka ya 1990 usukani wenye umbo la masharubu, uliotengenezwa na Nitto ya Japani, na mwaka 1994 alianzisha Rivendell Bicycle Works huko Walnut Creek, ambako amezidi kutetea usukani wa juu uliorudi nyuma kwa fremu zenye bomba la juu refu kuliko kawaida. Huko Oregon, Jeff Jones alibuni usukani wa milimani unaorudi nyuma kwa nyuzi 45, akajenga fremu zinazoufuata. Wote wawili hawakuishia kuuza usukani. Waliuambatanisha na fremu inayoustahili, na hapo ndipo wengi wanaowaiga hukosea. Wengine walichagua njia ya katikati. Katika mbio za barabara za vumbi kama Migration Gravel Race, inayofanyika eneo la Maasai Mara nchini Kenya tangu mwaka 2021, usukani unaofaa ni wa resi ambao pindo zake za chini zimepanuliwa kwenda nje, ili mikono ipate nguvu ya kuongoza kwenye kokoto bila kupoteza mkao wa kasi juu ya vichwa vya breki.

Sababu ya kurudisha usukani nyuma inaonekana kwa jaribio lisilohitaji chombo chochote isipokuwa kalamu mbili. Mtu asimame akiwa amelegeza mikono kando ya mwili, ashike kalamu moja katika kila ngumi, kisha anyanyue mikono mbele kama anayeshika usukani bila kukaza vifundo. Kalamu hazitalala katika mstari mmoja. Ncha zake za nje zitaelekea nyuma, na pembe zinazofanyika hutofautiana kati ya mtu na mtu. Usukani mnyoofu humlazimisha mwenye mikono hiyo kupinda kifundo, kisha kuegemeza uzito juu ya upande wa kiganja ulio karibu na kidole kidogo. Hapo, karibu na mfupa wa kifundo, inapita neva ya alnari, ile inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, na ikibanwa kwa saa kadhaa vidole hivyo hufa ganzi. Ganzi ya kidole gumba na vidole vinavyofuata huashiria neva nyingine, inayopita katikati ya kifundo, ambayo hubanwa zaidi mkono unapokunjwa kwenda juu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa fundi anayemsikiliza mteja: kidole kinachokufa ganzi kinaeleza usukani uinuliwe, uzungushwe au ubadilishwe kabisa. Raba laini na glavu hupunguza mtikisiko, lakini haziondoi pembe mbaya.

Uzito ulioondolewa mikononi haupotei. Usukani wa juu uliorudi nyuma huuhamishia kwenye kiti, na kwa sababu hiyo baiskeli za wima huwa na kiti kipana, mara nyingi chenye springi, na bomba la kiti lililolazwa nyuma zaidi kuliko nyuzi 73 zilizozoeleka katika baiskeli za resi. Anayebadili usukani wa resi kwa wa North Road akaacha kiti chembamba palepale atalalamika juu ya kiti baada ya wiki, na lawama itakwenda kwa kitu kisichohusika. Kinyume chake pia ni kweli: kiti kipana chini ya mwendeshaji aliyeinama humkwaruza mapaja. Katika baiskeli ya kuagiza, fundi anaweza kulaza bomba la kiti kwa nyuzi chache na kurefusha nyuma ya baiskeli ili gurudumu la mbele lisiwe jepesi mno mlimani. Nafuu hiyo hupatikana kwa mchoro wa fremu, na haiwezi kununuliwa baadaye kama kipuri.

Tabia ya kuongoza nayo hufuata usukani. Mhimili wa foki ukirefushwa kwa mstari hadi ardhini hukutana na ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapogusa, na umbali kati ya nukta hizo mbili, utakaoitwa hapa buruto, ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe baiskeli inapotembea. Buruto kubwa hutulia kwenye mwendo wa kasi lakini hutaka nguvu zaidi kugeuza, na hivyo huelewana na usukani mpana, ambao huipa mikono wenzo mrefu. Buruto dogo hugeuka kwa mguso mwepesi na huelewana na usukani mwembamba na mzigo uliowekwa mbele, kama walivyopanga Wafaransa. Kuweka usukani wa milimita 780 kwenye foki ya buruto dogo huleta baiskeli inayoyumba kila mwendeshaji anapovuta pumzi, na kuweka usukani wa milimita 400 kwenye foki ya milimani huleta uzito unaochosha mabega. Hapa hakuna kipimo kimoja kilicho bora, ila kuna jozi zinazoelewana na jozi zinazogombana.

Vikwazo vya ubadilishaji huanza na kipenyo, na hapa milimita ndogo ni kali. Mahali pa kushikia, usukani mnyoofu na aina nyingi za usukani uliorudi nyuma zina kipenyo cha milimita 22.2, ilhali wa resi una takriban milimita 23.8, na tofauti hiyo isiyoonekana kwa jicho inatosha kuizuia mikono ya breki ya upande mmoja isifunge vizuri upande wa pili. Katikati, mahali shingo inapobana, kuna vipenyo vya 25.4, 26.0, 31.8 na 35, na kulazimisha 25.4 ndani ya shingo ya 26.0 kwa kukaza boliti zaidi ni kualika usukani uteleze mwendeshaji anapofunga breki kwa nguvu. Shingo yenye kifuniko cha mbele huruhusu usukani kutolewa kwa dakika chache, lakini shingo ya zamani, yenye tundu lililofungwa na boliti moja, hudai usukani upitishwe kuanzia nchani, na usukani wenye kona kali unaweza kukataa kupita hata baada ya breki na utepe kuvuliwa. Anayejua kwamba atapenda kubadili mara kwa mara aagize shingo yenye kifuniko na kipenyo cha 31.8, kwa kuwa ndicho kilichoenea zaidi kwa sasa katika mitindo yote.

Breki zina hila iliyo hatari zaidi, kwa sababu zinaweza kufungwa zikaonekana sawa. Breki za V, ambazo kampuni ya Shimano iliziingiza sokoni mwaka 1996, huhitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya kiasi kinachohitajiwa na breki za kawaida za resi. Mkono wa breki wa usukani wa resi ukiunganishwa na breki za V utagota kwenye usukani kabla raba hazijabana rimu ipasavyo. Mkono wa breki za V ukiunganishwa na breki za mvuto mfupi utakuwa mgumu na imara mkononi, ukimdanganya mwendeshaji kwamba breki ni nzuri, ilhali nguvu inayofika kwenye rimu ni ndogo. Breki za diski zinazotumia waya hutengenezwa kwa namna zote mbili, hivyo aina yake lazima ihakikishwe. Breki za mafuta zina sharti lake: Shimano hutumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, na kuyachanganya huharibu mipira ya ndani.

Gia ni rahisi kidogo kuzieleza. Mfumo wa Shimano wa gia 9 uliruhusu vibadilishio vya barabarani kuendesha kihamishio cha nyuma cha milimani, lakini kuanzia gia 10 mivuto ilitofautishwa na uhuru huo ukaisha. Vibadilishio vya msuguano, visivyo na hatua zinazosikika, huelewana na karibu kila kihamishio, na ndiyo sababu baiskeli nyingi za wapenda safari bado zinavyo. Mkono hujifunza mahali pa kila gia, na usukani unaweza kubadilishwa bila kununua mfumo mpya. Gia za umeme zisizo na waya, ambazo SRAM ilianza kuziuza katikati ya miaka ya 2010, zimefungua mlango huohuo kwa wenye uwezo wa kuzilipia.

Mtindo wa kisasa wa kupitisha waya na mipira yote ya breki ndani ya usukani, ndani ya shingo na kupitia kwenye beringi za bomba la kichwa unastahili kukataliwa na anayeagiza baiskeli ya kudumu. Unapendeza kwa macho na huokoa kiasi kidogo cha nguvu kwenye mwendo wa mashindano, lakini huifanya kazi ya nusu saa kuwa kazi ya siku nzima, kwa kuwa kubadili usukani hulazimisha mipira ya mafuta ifunguliwe, ikatwe na kujazwa upya. Baiskeli inayojengwa kumfuata mtu inapaswa kuruhusu mwili wa mtu huyo uzeeke, ujeruhiwe na upone, na mwili wa miaka 55 hautaomba usukani uleule wa miaka 30. Kwa sababu hiyohiyo shina la foki lisikatwe fupi siku ya kwanza. Pete chache za nafasi zikiachwa juu au chini ya shingo, urefu wa usukani unaweza kujaribiwa kwa miezi kadhaa kabla ya msumeno kutumika. Mwenye kutaka mitindo miwili kwa fremu moja achague jirani, mathalani mnyoofu na ule uliorudi nyuma kidogo, ambao hushiriki kipenyo, breki na gia, na ambao tofauti yake ya umbali inaweza kufidiwa na shingo mbili za urefu tofauti. Jozi ya resi na North Road juu ya fremu moja ni ahadi ambayo fundi mwaminifu hapaswi kuitoa.

Jambo la mwisho ni chuma chenyewe, na hapa mazoea ya Afrika Mashariki yanahitaji kusahihishwa bila kuchelewa. Usukani wa chuma uliopinda baada ya kuanguka umezoeleka kunyooshwa kwa bomba refu na kurudishwa barabarani, na mara nyingi umehimili. Usukani wa alumini hauna uvumilivu huo: kila mtikisiko huuchosha kidogo hata usipopinda, na ukipinda kisha ukanyooshwa hubaki na nyufa zisizoonekana, mara nyingi chini ya shingo ambako jicho halifiki. Ule wa kaboni hufichua hata kidogo zaidi, na kwa kawaida boliti zake hukazwa kwa spana yenye kipimo, karibu Newton-mita 5, ambacho mtengenezaji huandika kwenye shingo. Hakuna akiba inayolingana na meno na mfupa wa bega. Usukani wa alumini au kaboni ulioanguka vibaya uondolewe, ukatwe vipande viwili kwa msumeno papo hapo karakanani ili usiuzwe tena kama mtumba, na mteja aelezwe sababu.